Mfarishi wa Nguo za Mama

Mfuko ulikaa wazi tangu Jumanne kwa sababu Blandina hakuweza kuufunga. Alikuwa ameufungua atie vidonge vya kufukuza nondo, kisha akajaribu kurudisha kamba kwa mkono wa kushoto na meno. Kamba ikateleza mara tatu. Akasema atamwomba jirani, jirani akawa ameenda mnadani, siku ikapita na ya pili yake. Ijumaa asubuhi akasikia vilio vyembamba nyuma ya kabati. Alipoinama kuchungulia, akamwona paka aitwaye Shida amejikunja ndani ya mfuko, juu ya nguo za marehemu mama mkwe wake, akiwalamba watoto wanne waliokuwa bado wamelowa.

Blandina alivuta kigoda akakaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya hogo zito la plasta, kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko, vidole tu vikichungulia. Aliuvunja huko Suji, kijijini kwa mama mkwe mlimani, siku ya tatu ya msiba, akishuka mtelemko na mzigo wa kuni wakati mvua imelainisha njia. Aliteleza, akaanguka, na mzigo ukamfuata. Wifi yake mkubwa, Raheli, alipoletewa habari jikoni alisema hewala, sasa kuni za msiba wa mama yetu atazimalizia nani. Wanawake walicheka kidogo. Blandina alikuwa mlangoni, amekishika kigasha chake kilichopinda, na aliwasikia.

Nguo zile hazikuwa zake. Alikabidhiwa azitunze mpaka watoto watatu wa marehemu watakapokutana kuzigawa, Jumapili ya wiki ya sita baada ya mazishi. Raheli yuko Hedaru na duka lake la vifaa vya ujenzi, Tumainieli yuko Moshi, na Rubeni, mume wa Blandina, ni fundi wa magari hapo hapo Same mjini. Same ni katikati, wakasema, na tena mke wa Rubeni ni fundi nguo, kilichotatuka atakishona. Paka wawili wa marehemu nao hawakupata wa kuwachukua. Raheli ana pumu. Mwenye nyumba wa Tumainieli hataki wanyama. Basi wakatiwa kwenye tenga, wakateremshwa mlimani pamoja na mfuko.

Stumai wa nyumba ya pili alikuja na dumu lake begani, akachungulia mfukoni. Yeye alitoka Kondoa miaka mingi iliyopita kufuata kazi ya mkonge, mkonge ukamchosha, akabaki Same anauza mboga.

"Mama Eli," alisema, akimwita kwa jina la bintiye Eliaichi aliyeko shule ya bweni. "Hii damu na mengineyo vimeshuka mpaka chini."

"Nimeona."

"Wapigie uwaambie. Paka hana adabu, kila mtu anajua."

Blandina alisema hapana. Alijua maneno yatakavyokuwa. Wakati mama mkwe akiwa hai, Raheli alikuwa haachi kusema kwamba mke wa Rubeni amemwacha mzee wa watu huko juu azungumze na paka. Sasa aambiwe kwamba paka hao hao wamezalia nguo zake, chini ya macho ya mke huyo huyo? Nguo zitafuliwa, alisema, zitaanikwa, zitakunjwa, na hakuna atakayejua.

Stumai alimsaidia kuwahamishia paka kwenye boksi, kisha akawahi sokoni. Maji ndani yalibaki madumu mawili, na bomba la mtaa lilikuwa halijatoa tangu wiki iliyopita. Blandina alizitia nguo zote kwenye beseni kubwa, akamimina dumu moja, akachukua chupa ya dawa ya madoa. Kifuniko alikifungua kwa meno. Alitaka kumwaga kidogo tu, lakini chupa ilimponyoka kwenye mkono wa kushoto, ikalala humo beseni ikigugumia, na alipoiokoa ilikuwa imebaki robo. Alitazama dumu la mwisho. Hayo yalikuwa ya kupikia na ya kunywa. Akajisemea, basi, zitatakata zaidi, atazisuuza maji yakija.

Maji yalikuja saa tisa alasiri. Kitenge cha kwanza alichokivuta kilibaki nusu mkononi, nusu beseni, kama karatasi iliyolowa.

Yeye huyu alikuwa na cheti cha chuo cha ufundi. Yeye huyu, kila msichana aliyekuja kujifunza kushona kwenye baraza alikopanga cherehani yake, alimwonya asimwage dawa ile bila maji mengi. Alizitoa moja moja, akazitandaza uani. Gauni la kanisani la buluu lilikuwa na mabaka meupe kama ukurutu. Kanga mbili zimebabuka. Sweta la rangi ya damu ya mzee liligeuka rangi ya chai. Kitenge cha kahawia chenye ndege, kile kilichokuwa chini kabisa, kilikuwa kimeliwa katikati chote, kikabaki pindo na pembe mbili.

Simu ililia jioni, naye akaipokea kabla hajajipanga.

"Shikamoo, wifi," alisema.

"Marahaba. Mkono?"

"Unaendelea."

"Unaendelea kuuma au unaendelea kupona?" Raheli alicheka mwenyewe. Kisha sauti ikashuka. "Nilitaka kukuuliza. Kile kitenge cha mama cha ndege kipo?"

"Kipo."

"Ndicho alichonibebea mimi. Nyingine zote hao wanaume wagawane, mimi sitaki kingine. Usije ukakitoa mahali kikapotea."

"Kipo, wifi. Hakiendi popote."

*

Rubeni alirudi kutoka gereji mikono myeusi kwa oili, akazikuta nguo zimeanikwa, akasimama. Alilishika gauni la buluu kwa kucha mbili asilichafue, ingawa hapakuwa tena na cha kuchafua. Blandina alimweleza yote: kamba, paka, chupa, maji. Alitegemea atafoka. Rubeni alinawa mikono muda mrefu, akaingia ndani, akatoka na Biblia yake. Katikati ya kurasa alitoa kipande cheusi cha sufu, si kikubwa kuliko kiganja.

"Hili ni koti la babu," alisema. "Mama alipata hiki, wenzake wanne wakapata vyao. Unalijua jambo letu."

Blandina alilijua kwa kusimuliwa. Kwao Rubeni nguo ya mzazi haikai kwa mtu mmoja. Inagawiwa, na mtoto aliyekosa kipande huhesabiwa kama hakuzika. Kwao yeye, Lembeni, nguo za marehemu huvaliwa na wenye kuzihitaji na habari inaisha.

"Raheli tumwambieje?" aliuliza.

"Mimi mambo ya nguo siyajui," Rubeni alisema, akakirudisha kipande mahali pake. "Hayo mtaongea wenyewe wanawake."

Akaenda kutazama mpira kwa jirani.

Wiki nzima Blandina alizitazama nguo zile. Hakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Mwenye baraza alikuwa ameshamweka msichana mwingine kwenye nafasi yake, kwa muda, alisema, maana shule zinakaribia kufungua na wazazi wanataka sare. Jumatatu alipita hapo akielekea sokoni, akamkuta msichana anakata shati la shule kwa mkasi wake Blandina, ule mkubwa wa chuma alioununua alipomaliza chuo. Msichana akainuka akamwamkia vizuri. Blandina aliitikia, akauchukua mkasi mezani, akautia kapuni, akarudi nao nyumbani. Alijua ni utoto. Lakini mkasi ulikuwa wake.

Wazo lilimjia akiwa anawatazama paka. Karani, yule dume la kijivu ambalo mama mkwe alilipa jina hilo kwa tabia yake ya kukalia kila karatasi, alikuwa amelala juu ya pembe ya kitenge cha ndege. Ile pembe ilikuwa nzima. Blandina aliivuta chini ya paka, akaikunjua. Ndege wawili kamili na bawa la wa tatu. Akalichukua gauni la buluu. Kola ilikuwa nzima, na mkono mmoja, na kifungo.

Chuoni mwalimu wao wa kushona aliwafundisha kitu kilichoitwa mfarishi: vipande vya nguo vinaunganishwa kimoja kwa kimoja mpaka vinakuwa shuka pana, chini yake linatandikwa blanketi, chini tena shuka jingine, halafu matabaka yote matatu yanashonwa pamoja kwa bandi, mishono midogo midogo, mstari baada ya mstari. Ni kazi ya mkono na inakula siku. Mwalimu alisema kitu kilichoshonwa hivyo kinakaa miaka hamsini.

Nguo zimekufa, Blandina alijiambia, lakini vipande viko hai. Atavikusanya vyote. Jumapili ile hatawaonyesha kilichoharibika, atawaonyesha mfarishi mmoja wa mama yao, utandikwe kitanda cha marehemu huko Suji kwenye baridi, na kila mtoto akipanda mlimani alale chini yake. Ataeleza ya paka wakati wameushika mikononi. Mtu aliyeshika kitu kizuri hufoka kidogo.

Alikata kwa wembe, kwa mkono wa kushoto, nguo ikishikiliwa mezani na uzito wa hogo. Kutia uzi kwenye sindano alimngoja Stumai, asubuhi akimtilia sindano kumi na kuzichomeka kwenye mto. Vipande vilipokwisha kupangwa sakafuni, vitoto vya paka vilivyoanza kutambaa vilivivuruga, na Karani akaja kuketi katikati kama mwenye mali. Blandina aliwatukana paka wote na ukoo wao, kisha akapanga upya.

"Mkono wa kushoto unashona kama mlevi anavyotembea," Stumai alimwambia siku moja, akiinua kona moja kwenye mwanga.

"Hata mimi naona."

"Wifi yako naye ataona?"

Blandina alihesabu siku kwa vidole. Zilibaki siku kumi na tatu na alikuwa hajafika hata theluthi.

*

Kuvunja hogo lilikuwa wazo lake mwenyewe, Stumai alisaidia tu, na alisaidia baada ya kukataa mara mbili. Daktari alikuwa ameandika wiki sita. Blandina alihesabu nne kasoro siku moja. Alisema maumivu yamekwisha, mfupa wa mtu mzima si wa mzee, na vidole anavihisi vyote. Walilowanisha hogo kwa maji ya uvuguvugu mpaka likawa uji, Stumai akalichana kwa kisu cha mkate, akigeuza uso.

Mkono uliotoka ulikuwa mwembamba, una magamba, unanuka. Blandina aliutazama kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemjua. Kisha akachukua sindano kwa vidole vya kulia, akavaa subana ya chuma kwenye ncha ya kidole, akapiga bandi tano. Zilikuwa ndogo, zimelingana. Alipiga nyingine tano. Machozi yalimtoka na Stumai akadhani ni furaha, na nusu ilikuwa furaha.

Tangu siku hiyo hakupumzika. Alishona asubuhi baada ya Rubeni kuondoka, akashona mchana upepo wa Same ukipiga bati na kusukuma vumbi chini ya mlango. Sindano ilipokutana na tabaka tatu ilibidi isukumwe, na kila alipoisukuma kitu ndani ya kigasha kilisogea, kidogo tu, kama jino linalotikisika. Siku ya sita palivimba juu ya kifundo. Alipafunga kitambaa akaendelea. Shida, paka mzazi, alipenda kulala kwenye paja lake chini ya mfarishi uliokuwa ukikua, na joto lake lilimsaidia mkono. Rubeni aliona hogo halipo. Aliuliza kama daktari amelitoa, Blandina akasema limetolewa, naye akatosheka na jibu hilo.

Ndege watatu na nusu aliwaweka katikati kabisa. Kuwazunguka aliweka buluu ya kanisani, kisha kanga, kisha sweta lililogeuka chai, ambalo likiwa humo lilionekana kama limekusudiwa. Kola ya gauni aliishona nzima kwenye kona, na kifungo chake. Nguo za mama mkwe zilikuwa na harufu yake ya moshi na limau, na dawa haikuimaliza yote. Blandina hakuwahi kumpenda sana yule mzee. Siku za mwisho za kushona alijikuta akimsalimia asubuhi.

Ijumaa ilikuwa tarehe yake ya hospitali. Alikwenda kwa sababu kadi iliandikwa hivyo. Daktari, kijana mwenye macho ya usingizi, aliuliza hogo liko wapi, akaambiwa lililowa. Hakugomba. Alitazama picha mpya ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu, kisha akampa vidole vyake viwili.

"Kaza, mama."

Blandina alikaza.

"Kaza kwa nguvu."

"Nimekaza."

Daktari alitazama vidole vyake, kisha akamtazama yeye, na usingizi ukamtoka machoni. Alieleza kwa upole kwamba mfupa ulisogea ukaungana upande, na mshipa unaokunja vidole umebanwa hapo. Moshi, hospitali ya rufaa, wanaweza kuuvunja tena na kutia chuma, ila asitegemee mkono ule wa zamani. Akamwuliza anafanya kazi gani.

"Nashona," Blandina alisema.

Daktari aliandika kitu kwenye kadi. Aliandika kwa muda mrefu kuliko neno lenyewe.

*

Jumapili walifika wote kabla ya saa sita. Tumainieli alileta soda, Raheli akaleta mchele na pumzi fupi. Alisimama mlangoni akawatazama paka wanne wadogo wakikimbizana chini ya meza, akajifunika pua kwa mtandio. Blandina aliwaamkia, akawapa chakula alichokipika na Stumai, mkono wa kulia ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Rubeni alikula ameinamia sahani.

Walipomaliza, Raheli alinawa akakaa sawasawa. "Haya. Leta nguo za mama."

Blandina alikwenda chumbani akarudi na kitu kimoja kilichokunjwa. Stumai, aliyekuwa akiosha vyombo uani, aliacha kuosha. Mfarishi ulitandazwa mezani, ukaifunika meza yote, ukashuka pande zote mbili. Blandina ndipo akasema yote kwa mpigo mmoja, kamba, paka, chupa, maji, alivyoogopa, alivyookoa vipande. Hakujitetea. Alimaliza, akasubiri.

Raheli alikuwa ameweka mkono juu ya ndege. Aligusa mmoja, akagusa wa pili. Kidole kilikwenda kwenye kola ya buluu, kikazunguka kifungo. Aliinama akanusa, na mabega yake makubwa yakaanza kutikisika. Tumainieli alitazama dari. Blandina alihisi kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile ya paka. Imefaa, aliwaza. Hata kwa bei ya huu mkono. Imefaa.

Raheli alijifuta macho kwa mtandio, akavuta pumzi.

"Umenidanganya kwenye simu," alisema. "Hilo nitalisema mara moja na sitalirudia. Kazi yako nimeiona." Akaketi. "Sasa tugawe."

"Tugawe nini, wifi?"

"Nguo za mama. Si ndizo hizi? Tuko watatu. Na mimi nianzie hapa katikati, kwenye ndege."

Blandina alimwangalia mume wake. "Nilidhani utakaa pamoja. Utandikwe huko Suji, kitandani kwake."

"Kitanda cha nani, mama wa watu? Nyumba itafungwa." Raheli hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Kwetu nguo haikai moja. Koti la babu lilikuwa zima kabisa, la sufu, likakatwa. Rubeni hakukuonyesha?"

"Alinionyesha," Blandina alisema.

"Basi. Wewe ndiye fundi, kata wewe, mkono wako umenyooka kuliko yetu. Sisi tutaharibu."

Mkasi mkubwa ulikuwa juu ya kabati. Tumainieli aliufikia, akamgeuzia upande wa mshikio kwa heshima. Blandina aliutoa mkono kwenye kitambaa. Vidole viliingia kwenye matundu ya mkasi kama vilivyoingia kila siku kwa miaka kumi na tisa, makali yakakaa pembeni mwa mfarishi, na hapo yakabaki. Aliviamuru vidole. Mkasi ulitetemeka, haukufunga. Aliviamuru tena. Ukamtoka mkononi, ukaanguka juu ya ndege kwa kishindo, na Karani akaruka kutoka dirishani.

"Anaona uchungu," Raheli alimwambia Tumainieli. "Mwache, kazi ya mtu ni kazi yake."

Rubeni alikuwa anautazama ule mkono. Aliutazama kigashani pale ulipopinda, akatazama bandi zilizolingana, mstari kwa mstari, akarudi tena mkononi. Midomo yake ilifunguka. Kisha akainuka, akashika upande mmoja wa mfarishi aukaze, na dada yake akaukata. Haukukatika kwa urahisi. Tabaka tatu ziligoma, Raheli akasimama, akatumia mikono yote miwili.

Vilitoka vipande vitatu, na ukanda mwembamba wa pembeni ambao haukuingia hesabuni. Raheli alikunja ndege wake. Tumainieli alipewa kola. Ukanda ulibaki mezani, na kwa kuwa Blandina hakuzaliwa na marehemu, hakuna aliyejua aupeleke wapi. Raheli aliushika, akafikiri, akautupia kwenye boksi la paka kwa wema kabisa.

Aliporudi mlangoni kuaga, alikuwa amekikumbatia kipande chake kifuani, nyuzi zikining'inia huku na huku.

"Wifi, hizi kingo zinafumuka," alisema. "Mkono ukipata nguvu nitakuletea unipindie."

Blandina aliurudisha mkono kwenye kitambaa chake.

"Lete tu, wifi," alisema. "Lete."

Rubeni aliwasindikiza hadi stendi. Nyuma yao Stumai aliingia na sufuria zilizooshwa, akaziweka, akaanza kuokota nyuzi sakafuni, kabla vitoto vya paka havijazimeza.